Saa tisa usiku niko macho, na zipu ya nusu saa imenishinda wiki tano. Nianzie wapi?

uzi_na_sindano

Habarini wanajukwaa. Hii nimeiandika nikaifuta mara nne. Safari hii naituma kabla sijajirudi.

Mimi ni fundi cherehani, mwanamke, miaka 36. Kazi hii nina miaka kumi na tano nayo, na vitambaa vya wateja nilivyowahi kuviharibu vyote navikumbuka, maana havizidi viwili. Mwezi huu peke yake nimeharibu vitatu. Napima, naandika, nashika mkasi, na mkasi haujafika katikati ya kitambaa namba zimeshanitoka. Narudi kwenye daftari, nazisoma, nageuka, hazipo tena. Kuna gauni liko mezani wiki ya tano sasa. Limebaki zipu na upindo. Zipu na upindo ni kazi ya nusu saa, hata mwanafunzi wangu anaiweza. Kila asubuhi nalitazama, nalifunika na shuka, nakaa.

Usingizi siukosi mwanzoni. Saa nne nimelala. Ikifika saa tisa usiku macho yanafunguka yenyewe, basi tena. Hapo ndipo naanza kujihesabia madeni: mteja niliyemchelewesha mwaka juzi, jibu nililompa marehemu mama nikiwa na miaka kumi na saba. Jibu lenyewe nadhani hata yeye hakulikumbuka siku ya pili. Asubuhi ndiyo mbaya kuliko zote, mwili mzito kama nimevaa nguo zilizolowa. Jioni napata nafuu, naongea, hata nacheka, na watu wangu wanasema "si unaona, uko sawa wewe".

Silii. Hilo ndilo linalonichanganya. Nilidhani sonona ni kulia. Mimi sisikii kitu. Mtoto wa dada yangu alianza kutembea mbele ya macho yangu, wote wakapiga makofi, nami nikapiga, lakini mikono tu ndiyo iliyopiga.

Miezi miwili iliyopita nilikwenda zahanati. Daktari akaniuliza naumwa nini, nikasema kichwa na uchovu. Si uongo, kichwa kinauma. Nikatoka na dawa za maumivu na vitamini. Simlaumu sana. Ningemwambia nini, kwamba zipu imenishinda?

Sasa nauliza. Huu ni ugonjwa au ni uvivu ulionikuta ukubwani? Nimwone nani? Dawa zake mtu anakuwa mtumwa wazo? Na kuna ninachoweza kufanya mwenyewe? Ila nawaomba, nguvu niliyonayo ni ya jambo moja kwa siku. Msinipe orodha ya mambo ishirini, nimeshazisoma: fanya mazoezi, kunywa maji, waza mazuri. Anayeziandika hajawahi kushindwa na mswaki.

---

kijana_wa_kona

Pole dada. Piga moyo konde tu, hayo ni mawazo, yatapita. Kila mtu ana stresi zake siku hizi.

---

karani_mstaafu

Kijana, najua hukuwa na nia mbaya. Lakini moyo konde alishaupiga wiki tano mfululizo mbele ya zipu, tumwache apumzike.

Dada fundi, mimi ni mwanamume wa miaka 58. Sonona imenipitia mara mbili, nikiwa na 41 na tena nikiwa na 49. Mara ya kwanza niliitibu kwa kulala. Mara ya pili kwa pombe, na pombe ni dawa ya ajabu: inakukopesha saa mbili za jioni halafu inakudai siku nzima ya kesho. Kwa hiyo nitakayokwambia ni ya mtu aliyekwishafanya makosa yote.

Kwanza hilo la ugonjwa au uvivu. Mvivu hajisikii vibaya kwa kutofanya kazi, anafurahia. Wewe unaamka saa tisa usiku, asubuhi nzito jioni nyepesi, kumbukumbu imekimbia, hakuna kinachokufurahisha, na unajihukumu kwa makosa ya miaka kumi na tisa iliyopita. Mimi si daktari, ila hayo uliyoyaandika ningeweza kuyapigia mhuri nikasema ni yangu ya mwaka ule. Kusononeka kila mtu husononeka. Ikishavuka wiki mbili, karibu kila siku, na kazi imeanza kuharibika, hilo ni la kumwona mtu.

Kuna dodoso linaitwa PHQ-9. Madaktari wengi wanalitumia. Lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: raha ya mambo, usingizi, nguvu, hamu ya kula, umakini, na kadhalika. Kila swali unajipa alama 0 hadi 3, jumla haizidi 27. Kuanzia 10 daktari anakaa sawa kwenye kiti. Halithibitishi ugonjwa, linampa yeye pa kuanzia tu. Mara ya kwanza mimi nilipata 19, na nilikuwa nikienda kazini kila siku na tai shingoni.

Sasa la zahanati. Kosa lako lilikuwa langu pia: unafika mbele ya daktari, unaulizwa, unatoa kile kisicho na aibu. Kichwa. Mgongo. Tumbo. Mimi nilitoa mgongo. Safari hii usiseme kitu. Huo ujumbe wako wa hapo juu unakili kwa mkono kwenye karatasi, uingie, umpe, ukae kimya asome. Una kila kitu daktari anachokitafuta, hata hilo la mikono kupiga makofi peke yake. Hilo usilifute.

La kujisaidia mwenyewe. Umesema jambo moja kwa siku, nami nitakupa moja.

Mwanasaikolojia mmoja Mmarekani, Peter Lewinsohn, kwenye miaka ya 1970 alieleza sonona kwa namna ambayo iliniingia akilini kuliko mahubiri yote niliyowahi kupewa. Mtu akizidiwa anajitoa kwenye mambo. Akijitoa, yale machache yaliyokuwa yakimpa raha au ushindi yanakatika. Yakikatika anazidiwa zaidi, anajitoa zaidi. Sisi tunakaa tukisubiri hamu irudi ndipo tufanye. Inatakiwa kinyume: tendo litangulie, hamu itafuata nyuma kwa kuchelewa, tena pengine wiki kadhaa.

Lakini tendo liwe dogo hadi likuchekeshe. Zipu usiishone! Kesho saa nne asubuhi kaa kwenye cherehani, tia uzi kwenye sindano, inuka uondoke. Basi. Usiongeze hata kama unaweza. Iwe saa nne kwa saa ya ukutani, si utakapojisikia, maana kujisikia hakuna. Kabla ya kukaa andika pembeni ya daftari hali yako kati ya 0 na 10, ukimaliza andika tena. Siku nyingi namba hazitasogea. Andika hivyo hivyo.

Mimi kazi yangu ilikuwa kuvaa viatu. Siku sita nilivaa, nikafunga kamba, nikavua. Mke wangu alidhani nimeharibikiwa kabisa. Siku ya saba nikajikuta nje ya geti, sikumbuki hata nilivyofika.

Na hiyo saa tisa ya usiku: ukiona zimepita kama dakika ishirini hujalala, toka kitandani, kaa kwenye kiti chenye mwanga hafifu, fanya kitu cha kuchosha. Kufumua mshono wa zamani, kwa mfano. Kitandani ndiko mahakama inakokaa, ukiondoka hakimu naye anakosa pa kukaa. Saa geuzia ukutani. Na asubuhi amka muda ule ule hata kama usingizi wako ulikuwa wa saa mbili tu.

---

uzi_na_sindano

Mzee wangu karani, nimesoma mara tatu. Hilo la mahakama kitandani nimecheka peke yangu gizani, kwa hiyo asante.

Dodoso nimelipata nikalijaza. 17. Swali la tisa nilikaa nalo muda mrefu. Linauliza kama umewaza kuwa heri ungekufa au kujiumiza. Nimeweka 1.

---

zamu_ya_usiku

Mdogo wangu, mimi ni muuguzi wa afya ya akili, miaka kumi na moja wodini na kliniki. Nilikuwa napita tu, hiyo 1 imenisimamisha.

Nakuuliza wazi, na kuuliza wazi hakumpandikizi mtu wazo, hilo tunalijua: hiyo 1 ni ya namna gani? Ni "natamani nisiamke", au umewahi kufikiria kujiua, kwa njia fulani, siku fulani? Una kitu karibu ambacho umekifikiria?

---

uzi_na_sindano

Ni ya kutamani nisiamke. Kulala tu niendelee kulala. Mpango sina, na sijawahi kukusudia. Sijawahi kumwambia mtu hata hilo.

---

zamu_ya_usiku

Ahsante kwa kunijibu. Umeshamwambia mtu sasa, na wa pili awe mtu anayeweza kukufikia kwa miguu. Dada yako, kama ndiye wa karibu. Sentensi moja inatosha: "kuna usiku natamani nisiamke, nisindikize hospitali." Hilo wazo mwandikie daktari kwenye karatasi ile ile ya karani, tena juu kabisa. Likibadilika, ukaanza kuwaza namna au siku, au ukajikuta unaaga watu, hapo hakuna kusubiri miadi. Ni siku hiyo hiyo, idara ya dharura ya hospitali yoyote, na usikae peke yako hata unapokwenda msalani. Dawa zilizopo nyumbani, akutunzie mtu mwingine. Tunafanya hivyo kwa sababu saa mbaya kabisa mara nyingi ni fupi, na katika saa hiyo kitu kisiwepo karibu.

Sasa maswali yako.

Nani wa kumwona. Anza na daktari wa kawaida, huhitaji kuanza na daktari wa magonjwa ya akili. Sonona ya kawaida daktari wa kawaida anaitibu. Yeye atakupeleka mbele kama ni kali, kama dawa mbili zimeshindwa, kama unasikia sauti au unaamini mambo yasiyokuwepo. Mwambie akupime damu pia. Tezi ya thairoidi ikilegea inaleta uchovu, ubaridi, akili nzito, na utaapa ni sonona. Upungufu wa damu vilevile, na upungufu wa vitamini B12. Taja kila dawa unayomeza, hata ya uzazi wa mpango.

Na kuna swali ambalo akisahau kukuuliza mwambie wewe: je, umewahi kuwa na kipindi cha siku kadhaa cha kinyume chake, hulali na huchoki, mawazo yanakimbia, unatumia pesa hovyo, watu wanakushangaa? Kama ndiyo, huenda ni ugonjwa mwingine, wa hisia kupanda na kushuka, na dawa ya sonona ikitolewa peke yake inaweza kumrusha mtu juu vibaya.

Dawa na utumwa. Dawa zenye kushika watu ni zile za kutuliza haraka, kundi la diazepamu. Dawa za sonona, kama fluoksetini na setralini, hazikufanyi uzitamani wala uongeze kila wiki ili usikie kitu. Ila mwili unazizoea, kwa hiyo huziachi ghafla, unashushwa taratibu. Ni mambo mawili tofauti na watu wanayachanganya kila siku.

Ninachotaka ukishike ni kwamba usumbufu hutangulia, faida hufuata. Wiki ya kwanza na ya pili unaweza kupata kichefuchefu, kichwa, wasiwasi kidogo, usingizi kuvurugika. Nafuu yenyewe huanza baada ya wiki mbili hadi nne, na kuipima vizuri ni wiki sita hivi. Mtu anameza siku nane, anatapika, haoni tofauti, anatupa, halafu anatangaza kuwa dawa za sonona hazifanyi kazi. Kwa vijana wa chini ya miaka 25 tunakuwa macho zaidi wiki za mwanzo, maana kwa baadhi yao mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka kabla hayajapungua. Wewe umeshapita umri huo, lakini anayekuzunguka ajue.

Na dawa ya kwanza si lazima iwe ndiyo. Kwenye utafiti mkubwa wa Marekani uitwao STAR*D, waliopona kabisa kwa dawa ya kwanza walikuwa kama mmoja kati ya watatu. Wengine walihitaji kubadilishiwa au kuongezewa. Wagonjwa wangu nawaambia hivyo siku ya kwanza, ili ya kwanza ikigoma wasidhani wao ndio walioshindikana.

Yule kijana aliyesema ni mawazo tu: dawa za kwanza za sonona zilipatikana kwa bahati. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kulikuwa na dawa ya kifua kikuu, iproniazidi, wagonjwa waliopewa wakaanza kuchangamka wodini kuliko mapafu yao yalivyoruhusu. Mawazo tu hayachangamshwi na kidonge cha kifua.

Onyo dogo: kuna mmea unaouzwa kama tiba ya huzuni, kwa Kiingereza St John's wort. Usiuchanganye na dawa za sonona, ni hatari. Pia unapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na ya dawa za kufubaza VVU. Wengi wanauona ni majani tu.

Mazungumzo. Kwa sonona ya kadiri, tiba ya mazungumzo inakaribiana na dawa, na kwa kali vyote viwili pamoja ni bora. Kuna ile ya fikra na tabia aliyoianzisha Aaron Beck kwenye miaka ya 1960: unajifunza kuikamata ile hukumu ya saa tisa usiku na kuidai ushahidi. Kuna ile inayoshughulikia misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha, inayokwenda moja kwa moja kwenye mahusiano yako. Na usidhani lazima apatikane profesa. Nchini Uganda utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulifanya tiba hiyo ya mahusiano kwa vikundi vijijini, wakiongozwa na watu wa huko huko waliofundishwa wiki chache tu, na walioshiriki walipata nafuu kubwa kuwapita wasioshiriki. Zimbabwe, mabibi waliofundishwa na timu ya daktari Dixon Chibanda wanakaa na watu kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasaidia kuchagua tatizo moja la kuanza nalo. Utafiti wao ulichapishwa mwaka 2016 na matokeo yalikuwa mazuri. Kwa hiyo ukiambiwa mwanasaikolojia hayupo, uliza: kuna mnasihi? Kuna kikundi? Kuna mhudumu wa afya aliyefundishwa kusikiliza?

Nimeandika mengi na wewe uliomba jambo moja. Jambo lako moja la kesho ni karatasi.

---

nusu_dozi

Naongezea kwenye hilo la kuacha ghafla, kwa sababu jina langu nimelipata huko.

Nilimeza miezi mitatu, nikawa mzima. Mzima kabisa, naimba bafuni. Nikasema sasa hivi vidonge vya nini? Ijumaa nikaacha. Jumatatu nageuza shingo nahisi kama shoti ya umeme inapita ndani ya kichwa, kizunguzungu, ndoto za kutisha, machozi bila sababu. Nikadhani ugonjwa umerudi na hasira. Daktari akanirudishia, tukashusha kidogo kidogo kwa miezi. Aliniambia kawaida ni kuendelea angalau miezi sita baada ya kujisikia mzima, si baada ya kuanza kumeza. Hilo neno "baada" mimi lilinipita.

Jingine ambalo wanaume hatusemi: hamu ya tendo la ndoa ilishuka. Nilikaa nalo kimya miezi miwili, na ndoa ikaanza kupata tatizo jingine. Nilipomwambia daktari hakushtuka hata kidogo, alibadilisha dawa. Miezi miwili ya bure ile.

---

mume_wa_mtu

Mimi naongea na dada yake fundi, kama atasoma.

Mke wangu alikuwa hivi mwaka mzima. Nilimuuliza "una nini?" kila siku, kwa upendo, hadi siku moja akaniambia kila nikiuliza anajiona mwanafunzi aliyeshindwa mtihani, kwa sababu jibu hana. Nikaacha kuuliza. Nikawa nasema "natoka kutembea dakika kumi, viatu vyako viko mlangoni". Siku nyingine alikuja, siku nyingine hakuja, sikusema kitu. Kliniki nilikuwa naingia naye, nimeshika daftari, kwa sababu yeye alikuwa anasahau alichoambiwa kabla hatujafika mlangoni. Na "jitahidi" niliifuta kwenye kinywa changu. Yeye kuamka tu ilikuwa jitihada yake yote ya siku.

---

uzi_na_sindano (siku tisa baadaye)

Samahani kwa kimya.

Uzi nimetia siku sita kati ya tisa. Siku ya kwanza nilijiona mjinga, mtu wa miaka kumi na tano kazini natia uzi na kuondoka kama mtoto. Namba zangu: 2 na 2, 2 na 3, 1 na 1, 3 na 3. Mzee karani, ulisema hazitasogea, umesema kweli.

Dada yangu nilimwambia ile sentensi. Nilidhani atanihubiria. Alikaa chini sakafuni, akanishika mguu. Hakusema neno. Kesho yake tulikwenda pamoja.

Si zahanati ile ya kwanza, na daktari ni mama mtu mzima kidogo. Karatasi nilimpa nikatazama dirisha. Alisoma yote, pande zote mbili, akarudi nyuma akasoma tena kipande fulani, akaniuliza: "Hilo gauni bado liko mezani?" Sijui kwa nini hapo ndipo nililia. Baada ya miezi yote ile, ndani ya chumba cha daktari, kwa ajili ya gauni.

Damu imepimwa, thairoidi iko sawa, damu imepungua kidogo nimepewa ya kuongeza. Nimeanza fluoksetini asubuhi. Kuna mnasihi wa kila Alhamisi, wiki ya kwanza tumezungumza habari za mama tu. Kichefuchefu kipo. Muuguzi, ulinionya, basi nakivumilia.

---

zamu_ya_usiku

Meza ukiwa na kitu tumboni, kitapungua. Na ile 1?

---

uzi_na_sindano

Usiku mwingine 1, usiku mwingine 0. Vidonge anavitunza dada. Ananiletea kila asubuhi, hata kama amechelewa kazini.

---

karani_mstaafu

Ongeza jambo la pili, ila dogo kama la kwanza. Mshono mmoja kwenye kitambaa chakavu, si cha mteja. Na hizo siku tatu ulizokosa usizidai.

---

uzi_na_sindano (wiki ya saba tangu nianze dawa)

Nimerudi kuwapa habari, na nina swali.

Kwanza dodoso. 17 imekuwa 11. Daktari amesema ni nafuu lakini haijatosha, anataka kuongeza dozi. Usingizi umesogea, naamka saa kumi na moja alfajiri badala ya saa tisa, na hiyo naiita asubuhi. Namba za wateja zinakaa kichwani angalau hadi mkasi umalize kazi. Swali la tisa ni 0 wiki ya tatu sasa. Kichefuchefu kiliondoka wiki ya pili. Asubuhi bado ni nzito, nisiwadanganye.

Mnasihi ananifanya nijaribu jambo: ile hukumu ya usiku ikija, niiandike kama malalamiko ya mteja, halafu nijibu kama fundi. "Ulimjibu mama vibaya." Jibu: "Alikuwa na miaka kumi na saba, kazi ilirekebishwa, mteja aliendelea kuja kila siku kwa miaka tisa." Mara nyingine inafanya kazi.

Sasa zipu. Wiki iliyopita, saa nne, nilitia uzi kama kawaida yangu na sikuinuka. Nikavuta gauni, nikashona zipu. Nilipoigeuza, imepinda. Chini iko sawa, juu imekimbilia kushoto kama imeshonwa na mlevi. Nikakasirika. Nikakasirika kweli, masikio yakapata moto, nikalitupa gauni mezani, mwanafunzi wangu akatoka nje kwa hofu. Halafu nikakaa nikaishangaa ile hasira. Nilikuwa sijasikia kitu kikali namna ile tangu mwaka jana. Ilikuwa kama mguu uliokufa ganzi unapoanza kuwasha.

Nimeifumua. Mwenye gauni nimempigia simu nikamwambia nilikuwa mgonjwa, sikutaja kichwa wala tumbo, nikasema sonona. Akanyamaza kidogo, akaniuliza naonana na daktari gani.

Swali langu: aliyewahi kuongezewa dozi, ule usumbufu wa wiki za mwanzo ulirudi wote au nusu? Nina magauni mawili ya kukabidhi mwisho wa mwezi, nataka kujua niyapange vipi.

---

nusu_dozi

Kwangu ulirudi kidogo tu, siku nne, tano hivi. Muulize daktari kwako ategemee nini. Kukata kitambaa kufanye kabla hujapanda dozi, upindo uache kwa ajili ya hizo siku.